Paka na vyakula vyenye harufu kali: maswali yanayojirudia kila siku hapa Kigoma

Maswali haya yameulizwa mara nyingi sana na watu wa Kibirizi, Ujiji, Mwanga, Gungu na hata wale waliohama mkoa wakaondoka na paka wao, na mengi yanafanana, kwahiyo yamekusanywa hapa sehemu moja. Ukikuta jibu linakwambia angalia swali fulani, nenda kalisome, maana halijarudiwa. Kama umekuja hapa kwasababu paka amekula kitunguu muda huu, ruka yote nenda swali la 8.

MAMBO YA MWANZO

1. Kwanini paka anajua dagaa wanakaangwa kabla hata mimi niliye chumba cha pili sijanusa chochote?

Pua ya paka inatuzidi mbali sana. Ngozi ya kunusia iliyo ndani ya pua yake ni kubwa kuliko yetu japo kichwa chake chote kinajaa kiganjani, na hiyo ndo njia yake kuu ya kujua hiki ni chakula au siyo. Ulimi wake kwa upande wa ladha ni mnyonge, ana vinundu vya ladha chini ya 500 wakati binadamu anavyo maelfu. Yani paka anakula kwa pua kwanza, ulimi unafata.

Sasa dagaa wakavu ukiwaweka kwenye kikaango cha moto yale mafuta yao yanapata joto na harufu inaruka juu, inapita chini ya mlango, inatoka dirishani, na yeye aliyekuwa amelala juu ya bati anashuka. Siyo uchawi na wala siyo uroho, pua yake imepata habari kabla yako.

2. Akinusa migebuka anaacha mdomo wazi nusu, mdomo wa juu unapanda, macho kama yanasinzia. Anaumwa?

Hapana, yuko sawa kabisa. Mdomoni kwake juu, nyuma tu ya meno ya mbele, kuna vitundu viwili vidogo vinavyoenda kwenye kiungo kingine cha kunusia tofauti na pua. Akikutana na harufu nzito anavuta hewa ipite pale aichunguze vizuri. Inachukua sekunde chache halafu anafunga mdomo na kuendelea na shughuli zake. Anafanya hivyo zaidi kwenye mkojo wa paka mwenzake, ila soksi, viatu na samaki pia vinaweza kumfanya hivyo.

Cha kuogopa ni paka anayeacha mdomo wazi muda mrefu na kifua kinapanda na kushuka haraka kama anatafuta pumzi. Huyo ana shida ya kupumua, mpeleke kwa daktari wa mifugo leo leo usisubiri kesho.

3. Paka wangu anakimbilia chai ya maziwa na maandazi, anapenda sukari?

Sukari haisikii. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kule Philadelphia, Marekani, walionyesha kwamba jeni moja (chembe ya urithi) inayohitajika kutengeneza kipokezi cha ladha ya utamu imeharibika kwa jamii ya paka, kuanzia huyu wa nyumbani mpaka simbamarara na duma. Anachofata kwenye andazi ni mafuta, kwenye chai ni maziwa. Na maziwa yenyewe paka wengi wakubwa yanawaharisha, kwahiyo usijione unamdekeza.

Kinachomkolea ni ladha ya nyama na samaki. Utafiti uliotoka mwaka 2023 ulieleza kwanini samaki kama jodari anawapagawisha, ni kwasababu nyama yake ina mchanganyiko wa vitu ambavyo vipokezi vya ulimi wa paka vinavipokea vizuri mno. Wa kwetu hapa hawamjui jodari, wanamjua mgebuka na dagaa, ila ulimi ni ule ule.

DAGAA NA SAMAKI WA ZIWA

4. Nampa dagaa kila siku asubuhi na jioni, kuna tatizo?

Dagaa wa Tanganyika ni chakula kizuri, wana proteni ya kutosha na unawala wazima na miili yao yote, kwahiyo kama ni kuchagua kati ya dagaa na ugali mtupu, dagaa bila kufikiria mara mbili. Paka ni mla nyama kweli kweli, akikosa nyama na samaki anakosa kitu kinaitwa taurini ambacho mwili wake haukitengenezi cha kutosha, na kikikosekana muda mrefu macho yanaharibika na moyo unatanuka na kuchoka. Ugali wa muhogo na mchuzi hauna hicho kitu.

Tatizo ni samaki peke yake miezi na miezi, haswa samaki wenye mafuta mengi au waliochacha. Yale mafuta yanamaliza vitamini E mwilini, halafu mafuta ya paka mwenyewe chini ya ngozi yanavimba, ukimshika tumboni au mgongoni analia kwa maumivu na hataki kuguswa. Wengi hudhani kapigwa na watu. Kwahiyo changanya, mara vipande vya nyama, mara maini kidogo (kidogo kweli, siyo kila siku), mara yai lililochemshwa.

Na dagaa uwasafishe. Wale walioanikwa chini wana mchanga, waliokaushwa kwenye vichanja ni wasafi zaidi. Waloweke kwenye maji ya uvuguvugu, wasugue sugue kwa mkono, mwaga yale maji, utaona chini ya bakuli mchanga ulivyojikusanya, rudia mpaka maji yawe meupe. Kama ni samaki wa chumvi loweka muda mrefu zaidi na ubadilishe maji, chumvi nyingi siyo nzuri kwake.

5. Wabichi kutoka mwaloni je? Si ndo asili yake?

Paka wa Kibirizi wanakula wabichi kila siku na utaambiwa mbona wazima. Lakini samaki wabichi wa aina kadhaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na akila hao kwa muda mrefu bila kingine anaanza kupepesuka, kichwa kinainama chini, wengine wanapata degedege. Kuchemsha kunakiua kimeng'enya hicho na kunaua minyoo pia. Dakika chache tu za moto, bila chumvi bila kitu, unapoza unampa. Matumbo ya samaki yaliyokaa juani usimpe kabisa, harufu ndo inamvuta zaidi ila tumbo lake halina mkataba na bakteria.

Miba ya dagaa waliolowekwa ni laini haina shida. Miba ya mgebuka na sangala toa. Ukiona anajikuna mdomo kwa mguu na mate yanamtoka, mfunue mdomo uangalie, usimlishe tonge la ugali eti lisukume mwiba, hiyo unaweza kuuzamisha.

6. Jana kala hawa hawa dagaa, leo kanusa kaondoka. Anaringa?

Haringi. Nusa na wewe. Dagaa waliokaa kwenye mfuko wa plastiki sehemu yenye joto mafuta yao yanachacha, wewe unasikia ni harufu ya dagaa tu lakini yeye anasikia kitu kimeoza. Mara nyingi paka yuko sahihi kuliko mwenye nyumba.

Sababu nyingine ni ubaridi. Chakula kilichotoka kwenye friji hakitoi harufu, na paka kwa maumbile anapenda chakula chenye joto la mwili wa panya aliyekamatwa sasa hivi. Weka maji ya moto kidogo, koroga, mpe. Na ya tatu ni bakuli lenyewe, sabuni za kuoshea vyombo zenye harufu ya limao zinabaki kwenye plastiki na limao kwake ni karaha (swali la 11). Tumia kisahani cha bati au cha udongo, osha na usuuze sana.

7. Samaki wakiadimika anagoma kula kitu kingine, nifanyeje?

Hili linakuja kila kipindi cha mbalamwezi ambapo wavuvi wa taa hawaingii ziwani, na lilikuja kwa kishindo mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Paka aliyezoeshwa harufu moja anaona vingine vyote siyo chakula.

Usimwekee njaa ukisema atakula tu akizidiwa. Mbwa utamfanyia hivyo, paka hapana. Paka, haswa mnene, akikaa siku 2 au 3 bila kula mafuta yanahamia kwenye ini na ini linaferi, na hapo kumrudisha ni kazi kubwa. Tumia pua yake: saga dagaa wachache walio wakavu wawe unga, weka kwenye chupa yenye mfuniko, kila ukimpa nyama au yai nyunyiza kidogo juu. Harufu ipo, chakula ni kingine. Punguza unga taratibu. Akiba ya chupa moja inamvusha muda mrefu.

KITUNGUU NA WENZAKE

8. Paka kala mchuzi wa dagaa wa kukaanga na vitunguu, kuna madhara?

Yapo, na hili ndo swali ambalo kama utasoma moja tu humu basi soma hili. Kila nyumba hapa tunakaanga dagaa na kitunguu, nyanya, wengine na swaumu, halafu mabaki tunamwekea paka kwa upendo kabisa. Dagaa hawana kosa, kosa liko kwenye kitunguu. Na paka atakula kwa furaha, maana harufu ya dagaa inafunika ile ya kitunguu ambayo peke yake angeikimbia. Pua yake inamlinda na vingi ila siyo na hili.

Kitunguu kina viambato vya salfa vinavyoshambulia seli nyekundu za damu. Damu ya paka ni dhaifu kwa shambulio la aina hii kuliko ya mbwa na kuliko ya kwetu. Seli zinapasuka, damu inapungua mwilini. Gramu 5 za kitunguu kwa kila kilo ya uzito wake zinatosha kuleta madhara, kwahiyo paka wa kilo 3 ni gramu 15, na hicho ni kipande kidogo tu cha kitunguu kimoja. Kupika hakuondoi sumu, kukausha ndo kunaikoleza, kwahiyo vile viungo vya unga vya kwenye pakiti tunavyomwagia mchuzi navyo ni vibaya, vingi vina unga wa kitunguu na chumvi juu yake. Majani ya kitunguu vile vile. Na kidogo kidogo kila siku kunajilimbikiza.

Dalili hazitokei saa ile ile. Leo atatapika labda au kuharisha, au atakuwa mzima, halafu kati ya siku ya 2 na ya 5 ndo unaona kalegea, hataki kula, anapumua haraka, fizi zimekuwa nyeupe au za njano, mkojo rangi ya kahawa. Mfunue mdomo leo wakati mzima uone fizi zake zilivyo za pinki, ili siku zikibadilika ujue.

Ukijua kala leo, nenda kwa daktari wa mifugo leo, ama ofisi ya mifugo uliko, usisubiri dalili. Usimtapishe kwa chumvi wala kumnywesha maziwa ukidhani yanakata sumu, hayakati. Mwambie daktari kala nini, kiasi gani, saa ngapi.

Na kuepuka ni rahisi mno: kabla hujaweka mafuta na kitunguu, toa dagaa wake waliochemshwa weka pembeni. Mwambie na dada anayepika, na watoto, na bibi, maana mara nyingi anayempa siyo wewe.

9. Kitunguu swaumu si dawa ya minyoo na viroboto?

Hapana. Kwa uzito ule ule swaumu ni kali zaidi ya kitunguu maji kwa paka. Wanaosema wamempa na akapona minyoo wanamrudishia shukrani mtu asiyestahili. Dawa za minyoo za paka zipo maduka ya pembejeo za mifugo, ulizia ya paka kwa uzito wake, usigawanye ya mbwa kwa kukisia.

10. Pilipili kichaa ikipakwa jikoni inamzuia kuiba?

Inamuunguza. Mdomo wa paka una vipokezi vya ukali wa pilipili kama sisi, na akikanyaga atajilamba, akijilamba atajipaka machoni. Funika sufuria, weka mfuniko mzito juu, funga kabati. Mafuta ya taa ndo kabisa usithubutu, yanachoma ngozi na akijilamba yakaingia mapafuni unaweza kumpoteza.

11. Limao, ndimu na siki je?

Hizi kwa kufukuza zinafanya kazi na hazina ukatili ukizitumia kwa akili. Ganda la limao lina mafuta yenye harufu ambayo kwa paka inachoma pua, ndo maana mtu akimenya chungwa karibu yake anarudi nyuma, anakunja uso, wengine wanafanya kama wanataka kutapika. Hayo maganda weka juu ya meza au karibu na chanja unapoanika samaki, badilisha yakikauka. Siki na maji futia meza.

Usimpake mwilini. Mafuta ya limao, ya mchaichai, ya karafuu na yale ya chupa yenye harufu kali, ini la paka haliwezi kuyachakata vizuri kama letu, akiyalamba kwenye manyoya yanakuwa sumu.

HARUFU ZETU ZA HAPA

12. Mawese yana harufu kali, mbona paka anayalamba?

Kwasababu ni mafuta, na paka anapenda mafuta. Kijiko kidogo kilichobaki kwenye sahani hakimdhuru, kingi kitamharisha. Wengi wanaamini yale mekundu yatampa vitamini kama inavyosemwa kwa watoto, hapa paka ni tofauti, mwili wake hauwezi kugeuza ule wekundu kuwa vitamini A, lazima aipate tayari kwenye samaki na maini. Na kama mawese yalikuwa kwenye mchuzi wenye kitunguu rudi swali la 8.

13. Muhogo uliolowekwa unanuka mtaa mzima, paka anauzunguka. Hatari?

Muhogo mchungu una sumu ya sayanaidi na ndo sababu mojawapo tunauvundika na kuuanika. Sehemu ya ile sumu inatoka kwenye maji. Paka mwenye kiu msimu wa kiangazi anaweza kuyanywa, kwahiyo funika ndoo, maji yakimwagwa yamwagwe mbali na bakuli lake, na muwekee maji safi sehemu nyingine. Ugali uliopikwa haumdhuru, ila haumlishi (swali la 4).

VITUKO NA HALI ZA PEMBENI

14. Namwekea chakula anaparua sakafu pembeni kama anafukia choo. Ananidharau?

Hapana jamani. Ni silika ya kuficha mabaki wanyama wengine wasinuse. Anaparua sementi hata kama hakuna mchanga wa kufukia. Ama ameshiba, ama harufu haijamkaa vizuri, soma swali la 6 kisha mpunguzie kiasi.

15. Nikisafisha sakafu kwa jiki anagaragara pale kama kalewa.

Harufu ya klorini inawavuta paka wengi. Mtoe chumbani mpaka pakauke, maana atalamba unyayo. Kubwa zaidi, kama kakojoa ndani usimwage jiki juu ya mkojo, ile amonia ya mkojo ikikutana na klorini inatoa hewa inayowasha mapafu, yako na yake. Maji na sabuni kwanza, suuza, ndo mengine.

16. Ana mafua, hata dagaa wa moto hataki. Nimpe panadol?

Usimpe panadol hata robo. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka, mwili wake hauna njia ya kuiondoa kama wetu, na inaharibu damu kama kitunguu ila haraka zaidi. Naandika hili kwa msisitizo kwasababu mkono unaotoa hiyo dawa huwa ni wa mtu anayempenda.

Anakataa kwasababu pua imeziba. Hanusi, na asiponusa kwake hakuna chakula pale. Kitambaa laini na maji ya uvuguvugu, futa makamasi puani na machoni. Mkalishe bafuni au chumba kidogo chenye mvuke wa maji ya moto kama dakika 10, mbali asijimwagie. Kisha supu ya dagaa iliyochemshwa bila kitu chochote, ya vuguvugu, paka kidogo kwenye mdomo wake wa juu ailambe. Hapa harufu kali ndo rafiki yako, kadiri samaki anavyonukia ndivyo nafasi inavyoongezeka. Zikipita saa 24 hajala kitu, nenda kwa daktari, sababu iko swali la 7.

17. Kalamba migebuka yetu sahanini, tule au tumwage?

Kwa upande wa dini, waislamu wengi wa hapa Ujiji wanafundishwa kwamba makombo ya paka siyo najisi. Kwa upande wa afya mdomo wake unakula panya, kwahiyo kata pale alipogusa, kipashe tena moto mpaka kichemke. Mjamzito, mtoto mchanga na mgonjwa wapewe kingine.

18. Nimemchukua paka Tabora, hajui samaki kabisa, akinusa dagaa anakimbia. Ataweza kuishi huku?

Ataweza. Paka anajifunza harufu za chakula kutoka kwa mama yake, tangu tumboni na kwenye maziwa, halafu kwa kumwangalia anachokula. Kuna majaribio ambapo paka jike walifundishwa kula ndizi na watoto wao wakazila kwa kumfata mama, na ndizi siyo chakula cha paka. Wa kwako mama yake alikula nyama na panya, basi dagaa kwake ni harufu ya kigeni.

Anza na nyama anayoijua, tia unga wa dagaa wa kubana kwa vidole viwili, kaa hivyo siku kadhaa, ongeza kidogo. Usimfungie na sahani ya samaki. Akizoea, vizuri; asipozoea, mwache na nyama, mayai na maini kidogo, samaki siyo lazima kwa paka hata kama nyumba iko mita 50 kutoka ziwani. Akija kuzaa huku, watoto wake wape dagaa waliochemshwa mapema wakianza tu kula, hao hawatakusumbua.